Mgongo wa Fundi Njoo Kesho

Seremala aliyeitwa Njoo Kesho hakubambikiwa jina hilo. Alilichonga mwenyewe, miaka nenda miaka rudi, kwa kila mteja aliyefuata meza au mlango wake. Kuahirisha nako ni wizi, ila mwizi wake hahitaji giza, humtosha tabasamu.

Aliyechoka kutabasamiwa ni mkunga mstaafu wa mtaa wa pili. Alimpelekea mbao ngumu, safi, alizoachiwa na marehemu mumewe, amtengenezee kabati. Kabati halikuonekana. Mbao nazo zilikuwa chumbani kwa fundi, zimegeuka kitanda kipana alicholalia na mkewe kama wafalme. Mkunga akaenda kushtaki.

Asubuhi ya kesi, fundi alijifunga shuka kiunoni, akachomoa mpini wa fagio uwe mkongojo.

"Unaumwa nini, baba watoto?" mkewe aliuliza.

"Mgongo. Wakiniahirishia nitatafuta mbao nyingine, mama wa watu apate kabati lake, na kitanda chetu kibaki."

"Si jana tu ulibeba mfuko wa simenti huku unapiga mluzi?"

"Jana ni jana."

Aliingia mahakamani akijikokota, kila hatua na mguno wake.

"Mheshimiwa hakimu, naomba kesi iahirishwe. Mgongo umenikatika."

"Daktari anasemaje?"

"Ameniambia nije kesho."

Watu wakaangua kicheko, na mkunga akawapita wote kwa sauti. "Leo na wewe umeyaonja, mwanangu!"

Hakimu hakucheka. Aliagiza mgonjwa apewe benchi akae, wakati yeye akilitafakari ombi.

Benchi lenyewe lilikuwa na mguu mmoja mfupi. Fundi alipokaa, likagonga sakafu: ko. Akasogea huku: ko. Akasogea kule: ko. Uongo ulimwambia atulie, lakini mikono ya fundi haikuwa imeapa kudanganya. Aliuweka mkongojo chini, akalipindua benchi miguu juu, akatoa kibanzi na msumari mfukoni, akapigilia kwa kisigino cha kiatu. Kisha akalinyanyua benchi zima kwa mkono mmoja, akalisimamisha.

"Tayari, Mheshimiwa! Hata akilikalia tembo."

Hakimu akalitazama benchi, kisha mkongojo uliolala sakafuni.

"Fundi," hakimu alisema taratibu, "mgongo unaendeleaje?"

Fundi aligutuka, akainama upesi kuokota mkongojo. Kitu kikalia kiunoni: ka! Akabaki amekunjika kama bawaba yenye kutu.

"Haki ya Mungu, Mheshimiwa, sasa ni kweli!"

"Ombi limekataliwa. Kesi inaendelea."

"Siwezi kusimama!"

"Tutakusikiliza hivyo hivyo ulivyoinama."

Akayakiri yote akiitazama sakafu, mahali panapomfaa mwongo kutazama. Ikaamriwa kitanda kifumuliwe na mbao zirudi kwa mwenyewe, kisha kabati litengenezwe bila visingizio.

Jioni mkunga alifika na mkokoteni. Alimkuta fundi kalala chali sakafuni, mkewe akimkanda kwa maji ya moto huku akizuia kicheko.

"Baki hapo hapo," mkunga alimwambia, akiuruka mguu wake kupitisha ubao wa mwisho. "Ukiinuka tu, mbao zinakusubiri kwangu. Na usiniambie kesho, mwanangu. Benchi la serikali umelimaliza palepale, tena ukiwa mgonjwa."