Muuza Maziwa Kwenye Banio

Kitu cha kwanza Elisaria alichokiona kwa muuza maziwa ni mabuti yake ya mpira, ya kiume, makubwa kiasi kwamba kila hatua yalimpigapiga miguuni. Mwanamke huyo hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alisimama uani, akafuta mfuniko wa ndoo kwa ncha ya kanga, akaita kwa sauti nzito, "Nani anataka chai ya rangi leo?" Hapo kila nyumba ilitoa sufuria.

Wiki ile udongo uliporomoka ukaziba banio, pale mfereji wa kijiji unapochukua maji mtoni, na migomba ya Elisaria ikaanza kunyauka. Wazee wa mfereji walisema kikao kisubiriwe. Elisaria alipochoka kusubiri akapanda na jembe lake, akamkuta muuza maziwa amezama matopeni hadi magotini, anachimba, wanawake wenzake wakipokezana mawe nyuma yake. Mwenyekiti wa mfereji alikuwa amesimama ukingoni.

"Mama, mwanamke hafiki kwenye banio. Mila unazijua."

"Shikamoo, mzee," alijibu bila kuinua kichwa. "Shuka ukawaeleze ng'ombe wangu hizo mila. Mimi wamekataa kunisikiliza."

Wanawake wakacheka. Elisaria akakwepa macho ya mwenyekiti, akakunja suruali, akaingia matopeni.

Kufikia adhuhuri lilibaki jiwe moja kubwa. Muuza maziwa akalipenyezea mtaimbo, wote wakaushika. Huko chini, kijiji kizima kilikuwa kimejipanga kando ya mfereji mkavu, kikisikilizia maji.