Mwalimu Aliyechagua Laptop Nyembamba

Wiki jana nilikuwa kwenye duka la kompyuta mjini Kitengela nikisubiri wino wa printa. Mbele yangu mwalimu mmoja wa makamo alikuwa akichagua laptop. Aliinua ile nyembamba kuliko zote kwa vidole viwili, akatabasamu.

Muuzaji alimwambia ukweli. "Mwalimu, hii haina mahali pa kuchomeka flash. Waya ya projekta pia haiingii. Na memori ikijaa, huwezi kuongeza."

"Na hii nzito?"

"Hiyo iko na kila kitu."

Mwalimu akaitia ile nzito kwenye mkoba, akauvaa begani, akatembea hadi mlangoni na kurudi akiwa ameshika kiuno.

"Kutoka lami hadi shuleni kwetu ni mwendo wa saa nzima," akasema. "Mambo ya projekta nitasaidiwa na walimu wenzangu. Mgongo hakuna wa kuniazima."

Muuzaji akacheka, akamfungia ile nyembamba. Mwalimu akaondoka ameridhika, akiipakata kama mtoto.

Jioni niliikagua laptop yangu, ambayo niliinunua kwa sababu ya matundu yake mengi. Miaka yote hii nimetumia moja tu, la kuchajia.