Tawi la Mkorosho na Programu Iliyogoma

Mwanangu, nasikia unamwandikia matusi mtu aliyekupa programu bure, kisa imegoma kwenye kompyuta yako. Hebu kaa hapa. Mdomo huo nami niliwahi kuwa nao.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kompyuta za mtumba ndiyo kwanza zinafika kwetu Newala. Nilikuwa mwalimu kijana mwenye mashine nne kuukuu, na mkuu wa shule keshasema: muhula ukiisha hazijafanya kazi, chumba kinarudi kuwa stoo. Nikapata sidii ya programu huria ya kufundishia hesabu. Ndani mlikuwa na msimbo mtupu, yaani maagizo ya programu yaliyoandikwa tu. Kompyuta yenyewe ndiyo iunde programu. Ikaanza vizuri, katikati ikakwama.

Nikapanda basi hadi Mkomaindo, pale Masasi, penye intaneti, nikawaandikia walioitengeneza: "Programu yenu mbovu!" Wakajibu: "Pole. Mashine gani? Toleo lipi? Kosa la kwanza linasemaje?" Nikanuna. Eti wananihoji!

Nikaenda kumlalamikia mjomba wangu, mkulima wa korosho Mnyambe. Hata shikamoo yangu hajamaliza kuiitikia, nimeshaanza. Akacheka weee.

"Mwalimu, mikorosho ikiingiwa na ubwiri, namwendea bwana shamba na kilio? Nakata tawi lenye ugonjwa, namwambia ni shamba lipi, lilichanua lini, nilipuliza dawa gani. Wewe umepeleka kilio. Tawi liko wapi?"

Niliona haya, mwanangu. Nikarudi shuleni, nikaiunda programu upya, nikanakili makosa yote kwenye daftari kuanzia la kwanza, herufi kwa herufi, kurasa tatu. Nikayapeleka Mkomaindo.

Wiki ya pili wakajibu: "Kosa ni letu. Mashine kuukuu tulizisahau." Wameambatanisha marekebisho, na kwenye orodha ya mabadiliko wameandika: imeripotiwa na mwalimu wa Newala. Loo! Mtu asiyenijua, asiyelipwa, ng'ambo huko, kaacha shughuli zake kwa ajili ya wanafunzi wangu! Na kila mwenye mashine kama zetu, popote duniani, kapona kwa daftari langu. Hesabu zilipotokea kwenye kioo watoto walipiga vigelegele, na stoo ikatafutiwa chumba kingine. Mpaka leo nikikumbuka nastaajabu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini anayelia bila kuonyesha kidonda naye hatibiki. Shukuru kwanza, kisha taja mashine yako, toleo, ulichofanya, na kosa lilivyoandikwa. Mungu akupe subira ya kunakili, akukutanishe na watu wa kukujibu.

Haya, futa hayo matusi. Kosa la kwanza linasemaje?