Esekon Apua na Rangi za Maji

Esekon Apua amepaka rangi nyumba za Isiolo kwa miaka thelathini, na sifa yake ni moja: mstari wake haupindi. Mwaka jana jirani yake, mwalimu Regina, alipokuwa akihamia Ngaremara, alimwachia kisanduku cha rangi za maji na karatasi nzito.

"Hizi hazitaki nguvu," alimwambia. "Ziache zitembee."

Hazikutembea. Kila Jumamosi Esekon aliketi karibu na soko la maziwa ya ngamia, akachora barabara kwa penseli na rula, akaijaza rangi. Kila mara ilitoka kama ramani ya shamba.

Kisha ikaja asubuhi moja ya upepo. Malori ya mbuzi yalikuwa yamepita, vumbi likatanda hewani, jua likapenya kwa nyuma, na barabara nzima ikayeyuka. Mnara wa msikiti ulibaki kivuli. Watu walitokea na kupotea. Esekon alishika rula, asijue aiweke wapi. Akaiweka chini. Akalowesha karatasi yote, akaigusa kwa manjano, akaigusa kwa kahawia, akazitazama zikienea zenyewe. Karatasi ilipoanza kukauka, akadondosha doa moja la bluu.

Falis, muuza maziwa, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mzee, si umemwaga maji kwa karatasi?" Kisha akainama, akaonyesha lile doa. "Huyu ni Fahmo."

"Fahmo gani?"

"Dada yangu. Anatembea hivyo, ameegemea upande wa mtungi, tangu aumie nyonga."

"Sijachora mtu, mama. Nimeweka doa tu."

"Ni yeye."

Na kweli, mwanamke mwenye shela ya bluu alikuwa akija kutoka vumbini, mtungi wa maziwa ubavuni, ameinama vilevile. Esekon alimtazama, akatazama karatasi. Hakukumbuka kumwona.

Fahmo alitua mtungi. Aliitazama picha muda mrefu, mpaka wateja wakaanza kumwita.

"Sura sina," alisema mwishowe, "lakini nimechoka kweli hapo."

Akaiomba. Esekon akampa kwa mikono miwili. Fahmo alimwachia dadake maziwa, akashika njia ya nyumbani polepole, karatasi ameilaza juu ya viganja, maana ilikuwa bado mbichi.