Sherehe bila taka, na sahani isiyofika kwa Bi Halima

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Ukungu wa Irente, milimani Lushoto, bado haujaamua kuondoka, na Loveness Shemhilu amesimama mbele ya gari dogo la mizigo, amefunga mikono kifuani kama askari wa kizuizi.

Nyuma ya gari kuna katoni kumi na mbili za maji ya chupa. Bwana Severin, mwenyekiti wa kamati ya harusi, amezitoa Mombo, chini bondeni, bila kumwambia mtu.

"Tulikubaliana mitungi, Bwana Severin."

"Dada Loveness, wakwe wanatoka Dodoma. Niwape maji ya mtungini kama wanafunzi?"

"Ya mtungini yamechemshwa, yamechujwa, na yana baridi ya huku juu. Hayo yako yamepigwa jua la Mombo tangu jana. Ukiweka majani ya chai ndani, unapata chai."

Mwenyekiti anacheka kwa shingo upande. Katoni zinabaki garini. Maji hayo atayanywa mwenyewe mpaka Pasaka.

Hiyo ndiyo kazi ya Loveness, mwenye miaka thelathini na saba na mtoto mmoja. Anaandaa sherehe zisizoacha uchafu. Maputo hakuna. Sahani za kutupa hakuna. Maua yanakuja yakiwa hai kwenye vyungu, na baada ya harusi kila shangazi anaondoka na chungu chake akapande. Tao la bibi harusi ni migomba iliyokwisha kukatwa mikungu, na kesho yake inaliwa na ng'ombe. Kwa sherehe moja hulipwa kati ya laki tatu na laki nane, kutegemea wingi wa watu na ubishi wa kamati.

Analiacha gari na kwenda jikoni, nyuma ya turubai, ambako shangazi yake, Efrazia, anasimamia sufuria.

"Tupike wali wa wangapi?" anauliza Efrazia bila kuinua macho.

"Mia mbili, shangazi."

"Kadi zinasema mia na sitini."

"Najua zinavyosema."

Efrazia anakoroga mara mbili, tatu. "Ungeyajua haya mwaka juzi," anasema, "tungekuwa mbali."

Loveness anaokota kuni iliyoanguka na kuirudisha mafigani, na kwa muda mrefu anaitazama inavyoshika moto.

Kabla ya kazi hii alikaa miaka sita mapokezi, kwenye nyumba ya wageni mjini Lushoto. Kila Jumatatu alikuwa akiona masalia ya Jumamosi: maputo yamenasa kwenye miti, sahani za plastiki mtaroni, na shimo la taka likifuka moshi mpaka Jumatano. Wageni waliopanda milima kufuata hewa safi walikuwa wakifunga madirisha.

Akaacha kazi. Akaazima sahani mia mbili za akina mama wa usharika, akanunua mitungi minane, akaanza.

"Walinicheka," anasema. "Waliziita sherehe za kimaskini. Mtu mmoja aliniuliza kama na nguo za bibi harusi tutaazima."

Kilichomwokoa ni mizani. Alinunua ile ya kuning'iniza, ya wanunuzi wa viazi. Kila sherehe ikiisha hukusanya taka zote kwenye gunia, hulitundika, hupiga picha ya mshale na kuirusha kwenye simu za watu. Kilo tisa. Kilo sita. Watu ambao hawakuwa wakijali mazingira wakaanza kujali mashindano. Kamati moja ya Soni ilimpigia kuuliza: wale wa Irente walipata kilo ngapi, tuwapite?

Mizani hiyohiyo ndiyo iliyomponza.

Mwaka juzi mdogo wake, Kristian, alioa. Harusi ilifanyika nyumbani kwao, kwenye kitongoji kilicho jirani na Vuga. Siku hiyo walikuwepo wageni kutoka Dar es Salaam waliotaka kuona kazi yake kabla ya kumpa mkutano wao wa siku tatu. Loveness alitaka mshale usifike kilo mbili.

Alishajua kuwa taka nzito kuliko zote ni chakula kinachobaki. Kwa hiyo akahesabu kadi, zikawa mia na arobaini na nane, akaamuru wapike chakula cha watu mia na hamsini. Wapishi wakamwangalia. Efrazia akamwambia, "Mtoto, sherehe haipikiwi waliokuja tu." Loveness akamjibu kwamba hayo ni mambo ya zamani.

Sufuria zilikwanguliwa zikang'aa. Mshale ulisimama kwenye kilo moja na robo. Picha ilizunguka mpaka Tanga na Arusha. Mwaka uliotangulia alikuwa amefanya sherehe nne. Mwaka uliofuata alifanya kumi na tisa.

"Picha ile ndiyo inanilisha mpaka leo," anasema. "Natamani kuifuta. Nashika simu, naitazama, naiweka chini."

Ng'ambo ya njia, mkabala na kilima chenye nyumba ya akina Loveness, anaishi Bi Halima, mwenye miaka sabini na minne, pamoja na wajukuu zake. Nyonga zimemkatalia, kilima hapandi tena. Mama yake Loveness alipokuwa akishuka Mombo kuwauzia peasi abiria wa mabasi, Bi Halima ndiye aliyebaki na watoto. Kristian alibebwa mgongoni mwake mpaka akaota meno. Mbuzi wa harusi walichinjwa na kijana wa Bi Halima, ili majirani wote, wa msikitini na wa kanisani, wale chungu kimoja.

Na kitongojini mgonjwa na mzee hawaendi sherehe. Sherehe huwafuata, imefunikwa kwa jani la mgomba. Hakuna anayeagizwa. Sahani hutoka tu, kwa sababu siku zote chakula hubaki.

Siku ile hakikubaki. Loveness alizijua habari siku ya tatu, kwa mdomo wa Efrazia: "Halima alikuwa ameosha sahani, akingoja."

Alipika upya wali na nyama, akavuka njia mbio. Bi Halima alimpokea vizuri, akaitika shikamoo yake, akamwekea kiti, akampa chai. Kisha akasema, "Mimi nimeshakula, mwanangu."

Tangu hapo Loveness amepeleka sahani mara saba, kutoka sherehe saba. Chai anapewa. Jibu ni lilelile.

"Angenitukana, ningelala," anasema.

Jumapili mchana, baada ya harusi ya kina Severin, anaenda na ya nane. Bi Halima ameketi mlangoni anachambua maharage. Wanajuliana hali kwa Kishambaa, taratibu, mpaka kuku na mvua vyote viulizwe.

"Ni ya harusi ya nani hiyo?" anauliza bibi.

"Ya Irente, bibi. Jana."

"Siwajui." Anatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Kila siku unaniletea chakula kama mtu mwenye njaa. Mimi nina shamba, Loveness."

"Najua, bibi. Nilikosa."

"Hujui ulichokosa. Siku ile niliwaambia wajukuu wasipike. Nikawaambia, leo tunakula kwa Kristian. Walikaa hapo ulipokaa. Ngoma tunaisikia, harufu tunaipata. Wakaniuliza: bibi, kwa Kristian ni saa ngapi? Wakauliza mpaka wakalala. Sasa mimi nikila chako, hao niwaambie nini?"

Loveness anaangalia sahani iliyo magotini pake.

Desemba binti yake, Happiness, atapata kipaimara. Ameshapanga, na huu ndio mpango pekee ambao hajautangaza popote: hakutakuwa na mteja, picha wala mizani. Sufuria zitawekwa hapo njiani, hatua ishirini toka mlango huu, pasipo na kilima cha kupanda. Anaueleza kwa sauti ya chini, kama mtoto anayeomba ruhusa, kisha anauliza kama bibi atakuja.

Bi Halima anapepeta maharage. Makapi yanaruka na upepo.

"Waite wajukuu kwanza," anasema. "Mimi nitakuja nikiona wamerudi wameshiba."