Siku Lori la Mjomba Lilipogoma Sokoni

Enzi zetu pale Kariakoo, gari likizima lilikuwa la mtaa mzima. Vijana wa leo hufungua boneti, wakashika kiuno, kisha wakamtuma mtu akaite fundi. Sisi tulisukuma kwanza, salamu baadaye.

Nakumbuka lori dogo la Mjomba Selemani, ambalo leo mngeliita pikapu. Lilikuwa zee, bodi ya mbao, linanuka muhogo na petroli. Asubuhi ile Mjomba alikuja nalo kuwachukua wadogo zangu, Zena na Hamisi. Baba alitangulia mbele ya haki, Mama akamfuata, nami nilikwisha acha shule, nauza mafuta ya taa barazani. Mjomba alisema, "Mtoto halei watoto," akaamua wadogo wakakae kwake Kisarawe. Lilipoondoka nilikimbia nyuma yake mchangani, nikilia bila aibu.

Halikufika mbali. Karibu na soko likakohoa, likazima. Dereva, Bwana Shomari, akazungusha hendeli ya kuwashia injini mpaka shati likaloa. Akafuta plagi, akazirudisha. Tukasukuma, likawaka, likasogea kidogo, likazima tena. Wauza samaki wakapata la kusema.

"Shomari, gari lako limefunga? Ramadhani bado!"

"Lipe uji, ndugu yangu!"

"Hebu nyamazeni! Nyie mnajua pweza tu."

Shomari akafungua bomba la petroli. Ikatoka tone, tone, ikakatika, na tangi limejaa. Hapo nikalikumbuka debe langu la mafuta. Mama alinifundisha kulitoboa: "Tundu moja la mafuta, la pili la pumzi." Nikatazama mdomo wa tangi. Kifuniko chake kilikuwa kimepotea, wakaziba kwa gunzi la muhindi lililoviringishwa kitambaa, likashindiliwa hasa.

"Mjomba, tangi halipumui," nikasema.

Shomari akalilegeza gunzi. Fyuu! Petroli ikashuka vizuri, na hendeli ilipozungushwa gari likanguruma. Soko likashangilia. Mimi sikushangilia: sasa wanaondoka. Zena alikwisha shuka, kanishika mkono. Hamisi kanikumbatia kiuno, hataki kuachia.

"Nani kakufundisha?" Mjomba akauliza.

"Mama."

Mama alikuwa dada yake wa pekee. Mjomba akatutazama watatu tulivyogandana.

"Huyu si mtoto; dada yangu alishamkuza," akasema. "Shomari, geuza gari. Watoto warudi kwao."

Tangu hapo lori lile lilikuwa likitushushia muhogo na nazi mlangoni. Likizima njiani, Mjomba alikuja kwa miguu na kikapu kichwani. Majirani nao walitufokea kama watoto wao, wakatulisha kama watoto wao. Mola awarehemu wote.

Siku hizi ndugu wana magari mapya yasiyojua kugoma, na bado hukutana msibani tu. Sisi tulilala watatu kwenye kitanda kimoja cha kamba, tukigombea shuka hadi alfajiri. Namshukuru Mungu kwa ugomvi ule.