Futi ya Mume Wangu na Shanga za Bibi

Wewe unayesimamia ukurasa huu, jina langu lisitokee, wala la mume wangu, maana Tabora tunajuana. Nanyi wasomaji, shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, naishi Itetemia na mume wangu, ambaye mwaka jana alipatwa na kiharusi. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, mkikuta makosa mnivumilie. Hili siwezi kumpa mjukuu aniandikie kwa sababu na yeye yumo.

Ukiniona leo natembea kwa kushika ukuta hutaamini, lakini nilikuwa mkimbiaji. Enzi zile za Ujamaa, nikiwa na miaka kumi na tisa, nilichukuliwa kutoka kijijini kwetu Lusu nikaletwa kambini hapa mjini, tulipokuwa tunaandaliwa kwenda kushindana Dar es Salaam. Mbio ndefu hakuna msichana aliyeniweza, na wavulana kadhaa walizoea kuona kisogo changu. Mwalimu wa mazoezi alikuwa kijana aliyetoka kozini, na huko walimfundisha kwamba mkimbiaji mwenye mafuta mengi mwilini anakimbia na mzigo. Basi kila Jumamosi alitupima uzito kwenye mizani ya tumbaku, kisha akachukua futi ya fundi cherehani na kutuzungushia mkononi, pajani na kiunoni, ajue mafuta yamepungua wapi. Alikuwa mtu wa adabu. Akifika kiunoni alitazama pembeni, akapima juu ya kanga, haraka haraka, asije akasemwa.

Sasa mimi kiunoni nilikuwa na shanga. Si vishanga hivi vya siku hizi. Zilikuwa nene, nyuzi nyingi, alizonivalisha bibi yangu nilipovunja ungo. Babu yake alikuwa mpagazi, alizitoa pwani wakati wa misafara. Bibi aliniambia, "Mayu," yaani mama kwa lugha ya kwetu, "hizi asizione mwanaume ila mumeo. Na hutazitaja mbele ya mtu." Wenzangu kambini walikuwa watoto wa misheni, hawakuvaa. Ningeanzaje kumwambia kijana wa watu, tena mwalimu, kwamba anapima shanga?

Akasema kiuno changu kikubwa, nipunguze kula. Nikapunguza. Mwisho nilikuwa naishi kwa uji wa asubuhi tu. Mikono ikawa vijiti, uzito ukashuka, lakini kiuno kikabaki palepale, kwa sababu mimi nilikonda, uzi wa shanga haukukonda. Yeye akaona misuli inaisha na mafuta yamegoma, na akaamua kuwa namdanganya. Siku ya kutangaza majina alisimama mbele ya kambi nzima akasema, "Huyu ana mbio kuliko ninyi wote, ila anakula kwa siri. Siendi naye." Wenzangu walipanda treni. Mimi nilirudi Lusu na njaa yangu, na sikukimbia tena.

Aliyekuja kunioa baadaye ni mwalimu huyohuyo. Najua mtauliza nilikubalije. Nilimpenda, huo ndio ukweli, na nilijidanganya kwamba akinioa atazikuta shanga, ataelewa, na atanisafisha jina. Usiku wa harusi mkono wake ulizikuta. Uliganda pale kidogo, kisha akauondoa. Nikasubiri aseme. Nimesubiri hadi nimeota mvi.

Badala yake alifanya mzaha. Kila wakija wageni husema, "Huyu mama angelipeleka jina la Tabora mbali, tumbo likamponza." Watoto wakaudaka. Nyumbani kwangu nikipita jikoni wanasema, "Funikeni chungu, Mama anapita." Wajukuu nao wakarithi. Nilicheka nao miaka yote hiyo, nikijipa moyo kwamba mzee wangu hakuunganisha mambo, ni mzito tu wa kuelewa.

Mjukuu wangu wa kike sasa anakimbia. Mwezi uliopita kocha wake alikuja kumsalimia mzee, akamwonyesha mashine ya kupimia mafuta ya mwili, unapanda tu inakueleza. Nilikuwa mlangoni na chai. Nikamsikia mzee wangu akisema kwa ule ulimi wake mzito, "Mashine nzuri, kijana. Lakini ukitumia futi, kwanza mwite mwanamke amkague msichana kiunoni. Mimi nilimwacha mkimbiaji hodari kwa sababu ya shanga."

Kocha akauliza, "Nani huyo, mzee?"

"Zamani sana. Jina lake silikumbuki."

Niliingia nikawamiminia chai. Hakuniangalia. Kocha alipoondoka nikamuuliza, "Baba, yule msichana wa shanga ni nani?" Akageukia ukutani akaomba maji. Juzi wakaja ndugu zake kumjulia hali, akawatolea mzaha uleule wa tumbo.

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu usiku ule, akaona heri niitwe mlafi maisha yangu yote kuliko yeye aitwe mwalimu aliyekosea kupima. Naumia, wanangu. Ndiye ninayemwogesha na kumlisha kwa kijiko.

Sitaki mengi. Nataka aseme mbele ya watoto, "Mama yenu hakula." Basi. Lakini kauli inamwishia. Jana alitaka kumwita mjukuu wake, jina hakulipata. Nikimbana, wataniona namtesa mgonjwa. Nikiwaeleza mwenyewe, watasema Bibi anamsingizia mzee asiyeweza kujitetea. Nikinyamaza, anakufa nalo, na nadhani hivyo ndivyo itakavyokuwa.

Jana jioni nilipita jikoni. Mjukuu wangu, huyo mkimbiaji, akalifunika sufuria la wali kwa mikono miwili, akacheka. Nikacheka na mimi, nikaenda kulala bila kula. Nishaurini, wanangu, nifanye nini?